Fungu la Mtu Mmoja Katika Madhara ya Wengi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika mas'ala yanayowatatiza watu wa zama hizi ni mas'ala ya kosa lisiloonekana kwa udogo wake. Mtu akimpiga mwenziwe, aliyepiga ajulikana na aliyepigwa ajulikana, na kadhi aweza kuhukumu baina yao. Lakini yako madhara mengine yasiyofanywa na mtu mmoja wala kumpata mtu mmoja, bali hufanywa na maelfu ya mamilioni ya watu, kila mmoja akitia chembe yake, na chembe ile peke yake haimdhuru hata sisimizi. Na katika madhara ya namna hii, lililo kubwa leo ni kuzidi kwa joto la dunia, ambalo asili yake ni moshi na hewa zitokazo katika majiko, na magari, na viwanda, na mitambo ya umeme, na majaa ya taka.

Husikiwa watu wakisema barazani baada ya Alasiri: "Moshi wa nyumba yangu si kitu. Nikiuzima, dunia haitapoa. Nikiuacha, dunia haitaungua. Basi nitaulizwa kwa lipi?" Usemi huu ndio utakaopimwa hapa. Kwani ukiwa ni kweli kwa mtu mmoja, ni kweli kwa kila mtu, na kwa hivyo hapana hata mmoja duniani mwenye lawama, na hali madhara yapo na yaonekana. Na hoja ambayo mwisho wake ni kwamba tendo limetendeka na mtendaji hakuna, haina budi kuwa na kasoro mahali. Yapasa kuitafuta kasoro hiyo i wapi.

Hali ilivyo

Yajulikane kwamba kuni, na makaa, na mafuta ya taa, na petroli, na dizeli, na gesi, vyote vina kaboni ndani yake. Na kitu chenye kaboni kikiungua hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, iitwayo hewa ukaa. Hewa hii kwa kadiri yake si ubaya. Miti huitumia kujijengea shina na majani, na lau isingalikuwapo kabisa ardhi ingaliganda kwa baridi. Kazi yake ni mfano wa shuka juu ya mwili: huuacha mwanga wa jua upite, na hulizuia joto lisitoke upesi. Kabla ya viwanda kuenea, yaani karibu na mwaka 1750, hewa hiyo ilikuwa kadiri ya sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo imepita 420. Shuka imekuwa nzito, na joto la ardhi katika miaka ya 2011 hata 2020 lilizidi lile la miaka ya 1850 hata 1900 kwa kadiri ya digrii 1.1.

Wala khabari hizi si za nchi za mbali. Baina ya mwaka 1901 na mwaka 2018 bahari za dunia zilipanda kwa kadiri ya sentimita 20. Mwaka 1998, ilipokuja El Nino juu ya bahari iliyokwisha kuongezeka joto, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yaligeuka meupe, na sehemu kubwa yakafa. Na matumbawe ndiyo nyumba ya changu na tasi na pweza, na ndiyo ukuta uvunjao mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Tena bahari ikipanda, maji ya chumvi hupenya chini ya ardhi hata yakaingia visimani na katika mashamba ya mpunga yaliyo ukingoni. Basi mwenye kudhurika ajulikana: ni mvuvi, na mwenye kisima, na mwenye shamba, na wana wao watakaokuja baada yao. Asiyejulikana ni mwenye kudhuru, kwa kuwa amejificha katika wingi.

Maji ya birika

Kila mtoto aliyesoma Safinatun-Naja chuoni amefundishwa mlango wa maji. Maji yakiwa chini ya kula mbili, hunajisika kwa kuguswa tu na najisi. Yakiwa kula mbili au zaidi, nazo ni kadiri ya lita 200, hayanajisiki ila yageuke ladha yake, au rangi yake, au harufu yake. Hii ni rehema ya sharia kwa watu, ili tone dogo lisiwaharibie maji ya mji mzima.

Sasa na aje mtu mjinga aliyelishika nusu ya somo. Aende kwenye birika ya msikiti, iliyojaa maji mengi yaliyotuama, ajisaidie humo haja ndogo, kisha aseme: "Maji haya yamepita kula mbili, na sifa zake hazikugeuka, basi sikufanya neno." Mwalimu wake atamjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni kwamba kutonajisika kwa maji ni jambo moja, na ruhusa ya kufanya vile ni jambo jingine. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na wanavyuoni wa Kishafii wameliona jambo hilo kuwa ni makuruhu hata katika maji mengi yasiyonajisika kwalo. Basi sharia haikungoja maji yaharibike ndipo ikataze. Yamtazama mtendaji na njia aliyoishika, si maji peke yake.

La pili ni kwamba mtu yule wa kwanza akifuatwa na wa pili, na wa pili na wa mia, itafika siku maji yatanuka. Siku hiyo ni nani aliyeyanajisi? Akiambiwa ni yule wa mwisho, atasema kwa haki: "Tone langu ni sawa na la wa kwanza." Na hakika ni sawa. Harufu ile ni ya matone yote pamoja, na kila mmoja ana fungu lake ndani yake. Hapa ndipo ilipo kasoro ya usemi wa barazani. Mwenye kusema hupima tendo lake peke yake, kama kwamba birika ni tupu na yeye ndiye wa kwanza na wa mwisho, na hali ajua ya kuwa safu ya watu ni ndefu mbele yake na nyuma yake.

Hewa ya dunia ni birika hiyo. Zamani ilikuwa pana kuliko moshi wa wanadamu, na wazee waliokoka moto wa kuni hawakuigeuza sifa yake. Lakini kutoka 280 hata kupita 420 ni kugeuka. Mwenye kutia leo hatii katika maji safi mengi. Atia katika maji yaliyokwisha kubadilika, naye ajua.

Mapigo ya fimbo

Yuko atakayesema: "Haya ni mambo ya tohara, na dhamana ya watu ni mlango mwingine." Naam, na mlango huo nao una jibu. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaj mas'ala ya watu waliompiga mtu kwa mijeledi hata akafa, na pigo la kila mmoja wao peke yake si la kuua. Je, waachwe wote kwa kuwa hapana pigo hata moja lililoua? Wanavyuoni hawakusema hivyo. Wamesema kwamba wakiwa waliafikiana, basi lililo sahihi zaidi ni kwamba kisasi kiko juu yao. Na kama hawakuafikiana, wala hapana aliyekusudia mauti, damu ile bado haipotei bure: diya hugawanywa juu yao kwa hesabu ya mapigo.

Hapana anayedai ya kwamba mwenye kuwasha jiko ni muuaji, wala maneno haya si fatwa. Ni kiyasi cha kufungulia akili. Lakini na itazamwe hekima iliyomo. Sharia imekataa mambo mawili. Imekataa kusema kwamba pigo dogo halihesabiwi kwa kuwa ni dogo; na imekataa kusema kwamba wote ni sawa, aliyepiga mara moja na aliyepiga mara mia. Kila mtu ana fungu lake, na fungu hilo ni kwa kadiri ya mapigo yake.

Nyudhuru tatu

Kwa mizani hii huonekana uzito wa nyudhuru zinazotolewa.

Udhuru wa kwanza ni kusema: "Wenye kuharibu ni mataifa makubwa." Neno hili lina kweli kubwa ndani yake, wala si haki kulificha. Mtu mmoja wa Marekani hutoa kwa mwaka zaidi ya tani 10 za hewa ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Na mtu mmoja wa Kenya au wa Tanzania, kwa wastani, hafikishi nusu tani. Basi fungu la diya lililo kubwa liko juu ya wale, na kuwadai ni haki, na mwenye kuwasemea maskini wa pwani katika mabaraza ya dunia afanya kazi njema. Lakini hesabu hii ni ya wastani, na wastani huwaficha watu. Katika mji mmoja wa pwani yuko ajuza apikaye kwa vijiti vitatu, na yuko tajiri mwenye magari manne na viyoyozi vinavyonguruma katika vyumba visivyolaliwa. Tajiri huyo hawezi kujifunika buibui la yule ajuza na kusema, "Sisi ni watu maskini." Tena aliyepiga pigo moja hawi mtu asiyepiga kwa sababu jirani yake amepiga mara thelathini.

Udhuru wa pili ni kusema: "Nikiacha mimi, wengine hawataacha." Huyu na akumbushwe mfano alioupiga Mtume, uliopokewa na Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir, wa watu waliopiga kura katika chombo, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa tundu katika fungu lao ili wapate maji pasipo kuwaudhi wa juu. Watu wa pwani waufahamu mfano huu kuliko watu wa bara, kwani wamejua maji ya ngama yapandapo usiku. Katika mfano ule mtoboaji hakusema uongo aliposema kwamba mahali pale ni fungu lake. Alikosa kwa kusahau ya kwamba mafungu yamegawanywa na bahari haikugawanywa. Na mtu aliyemo chomboni akiona wenziwe wanatoboa, hapati ruhusa ya kushika keekee yake; bali kazi yake imekuwa mbili, kujizuia na kuwazuia.

Tena si kweli kwamba fungu dogo halileti kitu. Katika Gazi na Makongeni, vijiji vya Kwale, watu walikubaliana kuihifadhi na kuipanda tena mikoko yao, kwa kuwa mikoko huificha kaboni nyingi katika tope la mizizi yake. Tangu mwaka 2013 hifadhi hiyo, iitwayo Mikoko Pamoja, imeuza haki ya kaboni iliyohifadhiwa, na fedha yake ikasaidia maji na skuli za vijiji. Hapana mtu mmoja wa Gazi ambaye mche wake ungaliitwa kitu. Walipojumlisha, ulipatikana msitu.

Udhuru wa tatu ni kutaja kadari: "Mwenyezi Mungu ndiye Mlinzi wa ulimwengu wake." Hapana Muislamu anayelipinga hilo. Lakini Mtume alimwambia mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga ya kwamba amfunge kisha ategemee. Na mwenye udhuru huu hautumii nyumbani kwake. Usiku hufunga mlango kwa komeo, na akiugua huita mganga. Mtu akiikumbuka kadari katika madhara ya wenziwe tu, na kuisahau katika mali yake, ajue kwamba huo ni uvivu uliovaa kanzu.

Dharura, haja, na anasa

Baada ya kuthibiti kwamba fungu lipo, hubaki swali: je, kila moshi ni kosa? La. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, ameyapanga maslaha ya watu daraja tatu: ya dharura, na ya haja, na ya kupamba na kukamilisha. Mpango huu watosha kumwongoza mwenye nyumba.

Moto wa kupikia watoto ni dharura. Hapana wa kumlaumu mama mwenye kuni peke yake. Na mwenye kumhubiria maskini apunguze, na hali hana kitu cha kupunguza, ameikosea dini na amemkosea mtu. Taa ya kusomea, na friji ya kuhifadhi samaki, na gari la kumpeleka mgonjwa, ni haja. Lakini taa zinazowaka mchana, na kiyoyozi kinachopooza sebule isiyo na mtu, na gari liwashwalo kwenda duka lililo hatua mia mbili, na sinia za pilau zinazomwagwa, hayo hayafiki hata daraja ya tatu, kwani hayapambi wala hayakamilishi kitu. Hayo ni israfu, na israfu imekatazwa katika Kur'ani kabla hapajakuwa na mtambo hata mmoja duniani. Basi mwenye kupunguza humo haanzi dini mpya. Alipa deni la zamani.

Mambo ya nyumbani

La kwanza ni jiko, nalo ndilo kubwa katika nyumba nyingi za pwani. Kilo moja ya makaa, ikichomwa katika tanuri ya udongo ya mashamba, aghlabu hula kilo tano hata kumi za kuni. Mnunuzi huona gunia. Haoni miti iliyobaki nyuma yake. Tena moshi wa jikoni una madhara ya karibu kuliko ya hewa ya dunia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, na katika hao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 200,000. Wanaouvuta moshi huo kila siku ni wake, na mabinti, na watoto wachanga wabebwao mgongoni. Na mwanamume huletewa sinia barazani, chakula kizuri kisichonuka hata kidogo. Imepokewa kwamba kila mtu ni mchunga na ataulizwa juu ya wale awachungao. Basi mume mwenye uwezo wa kununua jiko jema, akanunua simu ya pili, ana la kujibu kwanza nyumbani kwake kabla ya kuulizwa khabari ya dunia.

Jiko la kauri, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lapunguza makaa kwa kadiri ya theluthi moja au zaidi, na bei yake hurudi kwa muda mfupi. Mwenye uwezo zaidi atumie umeme. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mvuke wa ardhi, na maji, na upepo. Na Tanzania, mwaka 2024, bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kutoa umeme, na Unguja na Pemba hupata umeme wa bara kwa waya zipitazo chini ya bahari. Gesi ya mtungi nayo haikosi hewa ukaa, lakini yaepusha moshi kifuani na shoka msituni. Ni jambo jepesi baina ya mawili. Na asiye na uwezo wa haya yote ana njia zisizo na gharama: kuroweka maharagwe na mbaazi tangu usiku, kufunika sufuria, kupasua kuni na kuzianika zikauke, kupikia mahali penye njia ya moshi kutoka, na kuzima makaa yaliyobaki ili yatumike kesho.

La pili ni chakula. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba katika mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani na majumba, na mahoteli, na maduka kilikuwa zaidi ya tani bilioni moja, na sehemu 60 katika 100 za hicho zilitoka majumbani. Chakula kikitupwa, moto uliokipika umepotea, na mafuta ya gari lililokileta yamepotea, na maji ya shamba yamepotea. Kisha kikioza chini ya jaa pasipo kupata hewa hutoa hewa iitwayo methani, ambayo nguvu yake ya kuzuia joto, ikihesabiwa kwa muda wa miaka 100, yapita ile ya hewa ukaa zaidi ya mara 25. Na Mtume ameamrisha tonge lililoanguka liokotwe, lipanguswe, liliwe. Iwapo tonge moja lina adabu hiyo, itakuwaje hali ya masufuria ya biriani yanayomwagwa asubuhi ya pili ya harusi? Walima ni suna, na kushindana kwa walima si suna. Mwenye karamu na ahesabu watu wake kabla ya kuhesabu kilo za mchele, na kilichosalia kigawanywe usiku ule ule kwa mafakiri na majirani. Maganda na makombo yasiyolika yapewe kuku na mbuzi, au yafukiwe shimoni pamoja na majani makavu na kupinduliwa mara kwa mara, yawe mbolea.

La tatu ni maji. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kadiri ya theluthi mbili za lita, na akioga kwa pishi moja hata mudi tano. Imamu Nawawi amenakili kwamba wanavyuoni wameafikiana juu ya kukataza israfu ya maji hata kama mtu yuko ufuoni mwa bahari. Na hili lafaa kutafakariwa sana katika mas'ala haya. Mwenye kutawadha ufuoni hampunguzii mtu yeyote maji, kwani bahari haipungui kwa kata yake. Na juu ya hivyo amekatazwa. Kwa nini? Kwa kuwa kiasi ni tabia ya nafsi, na nafsi iliyozoea kumwaga penye wingi haitajua kuzuia penye uchache. Ama maji ya leo si ya ufuoni. Maji ya Baricho, kando ya mto Sabaki, huvutwa kwa pampu za umeme mpaka Malindi na Kilifi na Mombasa. Mwenye kuacha bomba wazi huku akisugua meno amemwaga maji na umeme pamoja.

La nne ni taa na mitambo. Imekuja katika Hadithi kwamba taa zizimwe wakati wa kulala, na sababu iliyotajwa ni kuogopa moto kuiunguza nyumba. Moto wa leo waunguza nyumba iliyo pana zaidi. Taa za LED hula chini ya robo ya umeme uliwao na balbu za zamani kwa mwanga ule ule. Na jioni, watu wengi wanapowasha vitu pamoja, Kenya hulazimika kuongeza mitambo ya mafuta. Kwa hivyo kupiga pasi na kufua kwa mashine kukiahirishwa hata mchana ni faida. Nyumba za wazee, zenye kuta nene, na madirisha yanayokabiliana, na kiwambaza cha kivuli, zilipooza watu karne nyingi pasipo waya. Ajengaye leo nyumba ya vioo inayoelekea jua, kisha akanunua viyoyozi vitano vya kupigana na jua hilo, amelipa mara mbili kwa kosa moja.

La tano ni taka. Kuchoma mifuko na chupa za plastiki nyuma ya nyumba hutoa hewa ukaa na sumu pamoja, na jirani ndiye wa kwanza kuivuta. Haki ya jirani haihitaji dalili. Kifaa kinachotengenezeka kitengenezwe. Nguo ifaayo ipewe mwenye haja. Na kikapu cha ukindi kirudi sokoni.

Hatima

Imedhihiri kwamba mwenye kusema "moshi wangu si kitu" amesema kweli kwa nusu na amekosa kwa nusu. Kweli, moshi wake peke yake hauonekani. Lakini hakuna mtu aishiye peke yake, na hesabu ya Kiyama, kama ilivyokuja katika Kur'ani, hufika kwenye uzito wa chembe, ya kheri na ya shari. Anayeamini hesabu ya namna hiyo hawezi kuutumia udogo kuwa ni maficho. Udogo huficha kwa wanadamu, ambao macho yao ni mafupi. Kwa Mwenyezi Mungu haufichi.

Na jambo hili lenye kutisha lina bishara ndani yake. Kwani ikiwa chembe ya shari huandikwa, hata isipoiunguza dunia, basi chembe ya kheri nayo huandikwa, hata isipoipoza. Imepokewa kwamba Kiyama kikisimama na mkononi mwa mtu mna mche wa mtende, akiweza kuupanda na aupande. Mche ule hautazaa, wala hapana atakayekaa kivulini mwake. Na juu ya hivyo ameamrishwa. Basi baba anayefunika sufuria, na anayezima taa, na anayepanda mkoko mmoja topeni, asiulize dunia itapoa lini. Fungu lake ni lile lililo mkononi mwake, na hilo ndilo atakaloulizwa.

Mwenyezi Mungu awawafikishe Waislamu katika kuyajua mafungu yao na kuyatimiza, na awalinde wana wao na bahari yao na visima vyao. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.